Ngozi yako usiku msimu huu wa sikukuu: Tahadhari na unachojipaka

Kila mwaka, ifikapo wiki ya pili ya Disemba, foleni ya wagonjwa katika zahanati yangu hubadilika sura. Wenye mafua na wenye shinikizo la damu wapo kama kawaida, lakini katikati yao huketi watu waliojifunika leso usoni, au waliovaa miwani mikubwa myeusi ilhali wako ndani ya nyumba. Wakishaingia na kufunga mlango, huanza kwa maneno yale yale: "Daktari, nilijipaka kitu usiku, nikaamka hivi."

Mmoja wao alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfanyakazi wa ofisi hapa jijini. Dadake mdogo alikuwa atolewe mahari tarehe 27 Disemba, na ukoo mzima ungekuwepo, pamoja na mpiga picha. Mapema mwezi wa Novemba alinunua "krimu ya usiku" katika duka moja la vipodozi. Ilikuwa kwenye kijikopo cheupe kisicho na maandishi yoyote, nayo ilikorogwa na muuzaji mwenyewe nyuma ya kaunta. Aliambiwa ajipake usiku tu, na asitoke juani bila mwavuli. Baada ya siku saba uso uling'aa, chunusi zikatoweka, na wenzake kazini wakaanza kumuuliza siri yake.

Kijikopo kilipokwisha, mambo yaligeuka. Katika siku nne uso ulianza kumchoma kama uliomwagiwa maji ya pilipili. Ulivimba, ukawa mwekundu na kujaa vipele vyenye usaha kuzunguka mdomo na kidevu. Alikimbilia kununua kijikopo cha pili na, kwa mshangao wake, uso ulitulia usiku ule ule wa kwanza. Basi akaamini kwamba krimu ile ndiyo tiba, na kwamba ugonjwa ni uso wake mwenyewe. Aliponijia alikuwa amemaliza kijikopo cha tatu na hakikuwa kinamsaidia tena.

Nitarudi kwa mama huyu baadaye. Kwanza, msomaji, hebu tuulizane: ngozi hufanya nini usiku, na inahitaji nini hasa kutoka kwako unapolala saa sita au saa nane za usiku baada ya pilkapilka za sikukuu?

Kazi ya ngozi usiku

Mchana ngozi yako ni ukuta. Huzuia vumbi la barabarani, moshi wa magari, jua na viini vya maradhi, na hutoa jasho ili mwili usipate joto kupita kiasi. Usiku ukuta huo hufanyiwa ukarabati. Damu nyingi zaidi hupita karibu na ngozi, na ndiyo sababu mtu aliyelala huwa na joto la ngozi kuliko aliye macho. Hata hivyo, wakati huo huo ngozi hupoteza maji mengi kuliko mchana. Isitoshe, kotisoli, homoni ya mwili ambayo miongoni mwa kazi zake ni kutuliza uvimbe na mwasho, hupungua hadi kiwango chake cha chini kabisa mnamo usiku wa manane. Ndiyo maana mwenye ukurutu, mwenye upele na hata aliyeumwa na mbu hujikuna zaidi usiku, si kwamba ni mawazo tu kama anavyoambiwa na jamaa zake.

Kutokana na hayo, mahitaji ya ngozi usiku ni machache mno. Inataka iondolewe uchafu wa mchana, irudishiwe unyevu, kisha iachwe ifanye kazi yake. Mambo haya hayahitaji zaidi ya dakika tano, na gharama yake ni sabuni laini na mafuta ya kawaida. Najua wauzaji wa vipodozi hawatafurahia kusoma hivyo.

Tuanze na kunawa. Disemba ni mwezi wa kukaa karibu na moto wa kuchoma nyama, kusafiri kwa basi usiku kucha na kujipodoa mara nyingi kuliko miezi mingine. Poda, wanja na rangi ya midomo zikichanganyika na jasho na masizi, huziba vitundu vya ngozi, na asubuhi unaamka na chunusi. Wengi husema, "Nimechoka, nitanawa kesho." Ikiwa hilo ndilo litakalokushinda, basi nawa mara tu unapoingia nyumbani, kabla hujaketi. Tumia maji ya uvuguvugu, wala si ya moto ya kutoa mvuke. Maji moto huondoa yale mafuta asilia yanayozuia ngozi isikauke. Sabuni ya kufulia isiguse uso wako. Wale wanaosugua uso kwa brashi, kwa jiwe au kwa kitambaa kigumu hadi usikike mlio, wanajijeruhi. Ngozi nyeusi ikijeruhiwa hulipiza kisasi kwa kuacha alama nyeusi, na alama hizo huweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kusahaulika.

Ukimaliza, jipanguse kwa kugusagusa na taulo safi, usisugue. Kisha jipake mafuta kabla ngozi haijakauka kabisa, ndani ya dakika tatu hivi. Jambo hili dogo ndilo ninalolirudia kwa wagonjwa kuliko jingine lolote. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi bali huyafungia yale yaliyomo. Ukijipaka juu ya ngozi iliyokauka, umefungia ukavu.

Ni mafuta gani? Inategemea unalala wapi. Aliye Nairobi, ambayo iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, au anayekwenda Limuru, Nyahururu au Eldoret, atakutana na jua kali mchana na baridi kavu usiku. Huyo anafaa kujipaka mafuta mazito ya jeli, yale ya kawaida yasiyo na manukato, hasa miguuni, viwikoni na mikononi. Anayeshuka Mombasa, Malindi au Lamu aiache jeli hiyo kwa ajili ya visigino tu. Pwani katika mwezi wa Disemba usiku una joto na unyevunyevu, na mafuta mazito huzuia jasho na kuleta vipele vya joto shingoni na mgongoni. Losheni nyepesi inamtosha, na huenda uso usihitaji chochote. Aendapo pwani au maeneo ya ziwa asisahau neti, na ikiwa anatumia dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu, aipake mwisho, juu ya losheni.

Misuko, ndevu na foronya

Kuna chanzo cha chunusi ambacho watu hawakifikirii, nacho ni kichwa. Mwezi huu saluni hujaa hadi usiku wa manane, na mtu hutoka humo na misuko mipya iliyopakwa mafuta na jeli ya nywele. Akilala, mafuta hayo hushuka kwenye paji la uso na kwenye foronya, na usiku kucha uso unasuguliwa nayo. Matokeo ni vipele vidogo vidogo vilivyojipanga mpakani mwa nywele na uso. Havihitaji dawa ya bei. Funga kichwa kwa kitambaa safi, paka mafuta kwenye ngozi ya kichwa bila kufika usoni, na badilisha foronya angalau mara moja kwa wiki.

Na kama umesukwa ikakubidi umeze vidonge viwili vya kutuliza maumivu ndipo upate usingizi, basi umekazwa mno. Mwambie msusi alegeze, hasa kando ya masikio na kwenye paji. Vipele vyenye usaha vinavyotokea hapo ni mizizi ya nywele inayong'olewa, na ikirudiwa kila Disemba nywele za upande huo huenda zisirudi tena. Nimewaona wasichana wa miaka 20 wenye vipara vya wazee.

Wanaume nao wasidhani makala haya ni ya wake zao. Anayenyolewa kwa kinyozi na kutokwa na vipele vya ndevu, ni heri anyoe usiku nyumbani, aloweshe ndevu kwa maji ya uvuguvugu dakika kadhaa, afuate upande zinakoelekea, na asizikate fupi mno. Ngozi itapata usiku mzima kutulia kabla ya jua na jasho. Spiriti inayopakwa huko kinyozini huunguza zaidi kuliko inavyosaidia.

Limau, dawa ya meno, magadi na vitunguu saumu vibaki jikoni na bafuni. Limau hasa ni hatari: ukijipaka usiku na mabaki yake yakapigwa na jua kesho yake, ngozi huungua na kuacha mabaka meusi.

Mtego wa kijikopo cheupe

Sasa turudi kwa yule mama. Ni nini kilichokuwa ndani ya kijikopo? Sikuhitaji maabara ili kukisia, kwa sababu uso wake ulikuwa umeandika jibu. Ilikuwa steroidi kali, dawa ambayo sisi madaktari huitumia kwa siku chache kutibu ukurutu mbaya mikononi au miguuni, na ambayo huogopa kuiweka usoni.

Steroidi ni ndugu wa ile kotisoli niliyoitaja. Ukijipaka usiku, wakati kotisoli ya mwili iko chini, hutuliza kila kitu: uwekundu, mwasho, uvimbe wa chunusi. Mishipa midogo ya damu hubana, rangi ya ngozi hufifia, na mtu anapendeza. Hii ndiyo sababu krimu hizi huuzika sana, kwani wiki ya kwanza hazidanganyi. Lakini chini ya mng'ao huo ngozi inakonda. Mishipa ikizoea kubanwa, siku dawa inapokosekana hupanuka yote kwa pamoja, na uso huwaka moto. Mtu huirudia, hutulia, huiacha, huwaka. Kila mara inahitajika zaidi na kutuliza kidogo zaidi. Mtego ni huo, na aliyenaswa humo si mjinga. Mwili wake mwenyewe ndio unaompa ushahidi wa uongo.

Ukiendelea, ngozi hutokeza michirizi isiyofutika, nywele huota mashavuni, na mishipa huonekana kama nyuzi nyekundu. Choa, ambalo ni ambukizo la kuvu, hufichika na kusambaa bila kuonekana sura yake ya kawaida, hata daktari asilitambue upesi. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, huweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi, huingia kwenye damu, ikapandisha sukari na shinikizo la damu, na kuzilaza tezi zinazotengeneza kotisoli hadi zisahau kazi. Mtu wa namna hiyo akiiacha ghafla anaweza kuzirai na kulazwa hospitalini. Kwa hivyo ikiwa umekuwa ukijipaka mwili mzima kwa miezi mingi, usiache leo usiku kwa sababu umesoma gazeti. Mwone daktari kwanza, mweleze ukweli, akupangie jinsi ya kupunguza.

Steroidi si adui pekee. Kuna haidrokwinoni, ambayo hufanya ngozi iache kutengeneza rangi. Ikitumiwa kwa muda mrefu pamoja na jua letu, hugeuka: mashavu hupata mabaka ya buluu na nyeusi, magumu kwa kugusa, ambayo mara nyingi hayaondoki kamwe. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza madhara hayo tangu mwaka wa 1975. Mtu huyaona mabaka, hudhani hajapaka ya kutosha, akaongeza.

Na kuna zebaki. Hii hainiachi nilale. Zebaki haina harufu wala haichomi, na hupenya ngozini hadi kwenye figo. Mwaka wa 1972 madaktari wa hapa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovujisha protini katika mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na wengi wa hao walikuwa wanawake. Haya yalitokea katika jiji letu hili, zaidi ya nusu karne iliyopita. Baadhi yao walipata nafuu baada ya kuacha krimu hizo, jambo ambalo ndilo linalonipa moyo wa kuandika.

Ubaya mwingine wa zebaki ni kwamba haibaki kwa aliyejipaka. Huhamia kwenye taulo, shuka na mto, na mtoto anayelala na mamake huipata kwa kugusana na ngozi yake. Mwanamke mjamzito humpelekea aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unaumbwa.

Sheria si ngeni. Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni kama hizi mwaka wa 1998. Hata hivyo, marufuku ni jambo moja, na kijikopo kilicho chini ya kaunta ni jambo jingine. Mlinzi wa mwisho ni wewe unayekifungua usiku mbele ya kioo.

Utakitambuaje? Kisichokuwa na maandishi kabisa, kitupe. Kilichokorogwa na muuzaji, kitupe, hata kama muuzaji ni binamu yako. Kikiahidi kubadilisha rangi yako katika siku saba au kumi na nne, kitupe. Kikija kama dawa kwenye mrija mdogo wa duka la dawa, soma jina kwa herufi ndogo: majina mengi ya steroidi humalizika kwa herufi s-o-n-e au s-o-l. Dawa hizo zina kazi yake, lakini mwenye kukupa awe ndiye aliyekupima, na akuambie ni siku ngapi. Mrija uliopewa mwanao kwa ajili ya ukurutu wa mguuni si krimu yako ya uso.

Wengine huniuliza ikiwa kila krimu ya usiku ni sumu. La hasha. Zipo dawa halali za chunusi na za mabaka ambazo hupakwa usiku kwa sababu jua huziharibu au huifanya ngozi iungue, na moja ya hizo, ya jamii ya vitamini A, ni nzuri sana. Lakini kipimo chake kwa uso mzima ni kama punje moja ya njegere, huanza kwa usiku mmoja baada ya mwingine, hukausha ngozi wiki za kwanza, na haifai kabisa kwa mjamzito au anayetafuta mimba. Matokeo yake huonekana baada ya wiki nane hadi kumi na mbili. Aliyeanza tarehe 10 Disemba asitarajie kitu tarehe 25. Mwezi huu si wa kuanza dawa yoyote mpya usoni, na ukilazimika, jaribu kwanza sehemu ndogo nyuma ya sikio kwa siku mbili au tatu.

Mwasho wa nyumba ya nyanya

Lipo jambo jingine la usiku ambalo sikukuu hulileta kwa wingi. Binamu kumi wakikutana kwa nyanya yao, watano hulala kitanda kimoja na waliobaki hutandikiwa sakafuni. Ni furaha kubwa, nami nimekulia humo. Upele nao hufurahia. Kijidudu cha upele huhama kwa ngozi kugusana na ngozi kwa muda, na hakuna muda mrefu kuliko usiku mzima chini ya blanketi moja.

Aliyeupata kwa mara ya kwanza haanzi kuwashwa siku hiyo. Huchukua wiki nne hadi sita. Mtoto aliyeambukizwa Krismasi ataanza kujikuna mwishoni mwa Januari au Februari, akiwa tayari amerudi shuleni, labda shule ya bweni, na mzazi atalaumu bweni. Tazama baina ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni na sehemu za siri. Ikiwa watu wawili au zaidi wa nyumba moja wanajikuna usiku, fikiria upele kwanza. Usiwapake krimu ya steroidi. Mwasho utatulia kidogo, kijidudu kitaendelea kuzaana, na upele utapoteza sura yake.

Dawa yake hupakwa usiku, kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na chini ya kucha, na kwa watoto wadogo hata kichwani na usoni ukiepuka macho na mdomo. Ile ya permethrini huachwa saa nane hadi kumi na nne, ikaoshwa asubuhi, kisha hurudiwa baada ya wiki moja. Walio nyumbani wote wapakwe usiku huo mmoja, hata asiyejikuna, kwani mmoja akiachwa kazi yote ni bure. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Mtoto wa chini ya miezi miwili apelekwe kwa daktari. Mwasho huweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata baada ya vijidudu kufa, kwa hivyo usiendelee kumpaka kila usiku kwa hofu, utamuunguza ngozi.

Na yule mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi, ambaye wengi humwita Nairobi fly, asikusahaulishe mvua za vuli. Wenye umri wangu wanakumbuka alivyozagaa wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998. Hufuata taa usiku. Haumi. Sumu iko ndani yake, na ukimpondaponda shingoni ukiwa nusu usingizini, kesho au kesho kutwa utaamka na mchirizi wa malengelenge. Akikutua, mpulize atoke. Ukiwa umeshamponda, nawa mahali hapo na mikono yako kwa sabuni mara moja, kabla hujagusa jicho. Zima taa ya nje, au lala ndani ya neti.

Yule mama na tarehe 27

Nilimwambia yule mama mambo ambayo hakuna mtu angependa kuambiwa siku kumi kabla ya sherehe. Kwamba aache krimu ile. Kwamba uso wake ungeharibika zaidi kwa wiki mbili au tatu kabla haujatengemaa. Kwamba asipakae poda kuuficha. Aliniuliza kama hangeweza kuendelea hadi tarehe 28, halafu aache. Ni swali la haki, nami sikumcheka. Lakini kijikopo cha tatu kilikuwa tayari kimeshindwa, na sikujua kama mlikuwa na zebaki ndani.

Nilimpima shinikizo la damu, sukari na mkojo. Mkojo haukuwa na protini. Alipolisikia hilo alilia, na nadhani ndipo alipoelewa tulikuwa tunatafuta nini. Nilimpa vidonge vya kutuliza vipele vile, baada ya kuhakikisha kwamba hakuwa mjamzito. Kuhusu usiku, nilimwandikia maji ya uvuguvugu bila sabuni, kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika kumi uso ukiwaka, na jeli ya kawaida isiyo na manukato. Aligeuza karatasi akatazama upande wa pili, akidhani kuna dawa nyingine.

Alikwenda mashambani na uso wake ulivyokuwa. Aliniambia baadaye kwamba shangazi zake walimsema jikoni, na kwamba kwenye picha alisimama nyuma. Ilichukua karibu miezi mitatu uso kutulia, na alama chache bado anazo.

Ukijiona katika habari zake, usingoje Januari. Zahanati nyingi hufunga au hubaki na wahudumu wachache kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, kwa hivyo njoo mapema, na uje na kijikopo chenyewe, hata kama unaona haya. Na ukiamka asubuhi kope zimevimba, viatu havikuingii jioni, au mkojo unatoa povu jingi lisilokwisha, hiyo si shughuli ya ngozi tena. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni tarehe 25, na uombe kupimwa mkojo.